Kidonda Nyuma ya Sikio

Nimechoka kuulizwa kwa nini nasimamisha watu sokoni. Nikimwona mtu mwenye ualbino, namwomba nimtazame nyuma ya masikio, shingoni na juu ya pua. Wengine hunicheka, wengine hunitukana. Na wanitukane tu. Kidonda kinachofika wiki ya tatu bila kupona ni cha kupelekwa hospitali, na hilo nililijua nimeshachelewa.

Miaka ya sabini nilikuwa dresa katika zahanati moja upande wa Kishapu. Kutwa nzima nilikuwa naosha vidonda vya watu na kuvifunga. Nyumbani nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, zeruzeru, kama tulivyosema wakati ule bila hata kujiuliza. Kijana mrefu, mwenye maneno mengi, na kofia pana alikuwa haitaki kabisa.

Sasa, pamba ina masharti yake. Haichumwi na umande, maana ikilowa itaharibika guniani na karani ataikataa. Unasubiri jua likaushe shamba, unaingia saa nne, wakati jua limeshakuwa kali. Kazi ya kivulini ipo: kuchambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule. Lakini kwetu kuchambua kulikuwa kwa wanawake na wazee. Mwaka aliotimiza ishirini, mabega yamembabuka, mdogo wangu alikaa siku moja kivulini na mama akichambua. Nikapita, nikamwambia, "Ehee, bibi harusi hajambo? Tukutafutie na kanga?" Mama alicheka, na yeye alicheka. Kesho yake alitangulia shambani kuliko wote, na kivulini hakurudi tena. Mdomo wangu huu!

Kidonda kilianza msimu huohuo nyuma ya sikio la kushoto, kadiri ya punje ya mtama. "Kakidonda tu haka, dada, kasikusumbue." Nami sikusumbuka. Nilimpaka dawa ya zambarau, ileile tuliyowapaka wagonjwa wote. Kikafanya gamba, gamba likabanduka, kikavuja damu, nikapaka tena. Rangi ile ilifunika kila kitu, sikuona kingo zake zinavyopanda. Au niliona nikajidanganya. Leo siwezi kuapa. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mganga wa zahanati hakuwahi kukiona. Dada mtu ni dresa, amsumbue mganga kwa kidonda? Jamani, ningeona haya.

Kilipoanza kunuka ndipo tukapanda treni kwenda Mwanza. Daktari aliipangusa ile rangi polepole kwa pamba na spiriti. Nusu ya sikio ilikuwa imeliwa, na chini ya taya kulikuwa na uvimbe mgumu. Akasema ni kansa, na imeshaenea, hana la kufanya. Kingeletwa kingali punje angekikata asubuhi, na kijana angerudi nyumbani jioni. Nikakaa kwenye benchi.

Tulirudi naye kumuuguza nyumbani, na huko alifariki kabla ya palizi. Nilimwosha kile kidonda kila siku mpaka mwisho, na sikumbuki kama tulizungumza lolote la maana. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa amechoka zaidi.

Ila siku ile mbele ya daktari naikumbuka yote. Aliinua ile pamba iliyojaa zambarau, akauliza, "Nani alikuwa anampaka hii?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akaniwahi.

"Mimi mwenyewe, daktari. Niliiba kwenye kikapu cha dada. Yeye hakujua, nilikuwa namficha."

Daktari akamgombeza. Alimwita mzembe, akamwambia amejiua kwa mikono yake, mtu mzima kabisa mwenye dada anayefanya kazi zahanati. Mdogo wangu akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, daktari." Nami nilikaa palepale kwenye benchi, nikamwacha agombezwe.