Kofia ya Muhiddin Miguuni mwa Faiza

Mize binti Pandu, mzaliwa wa Tumbatu na mkaazi wa Kiembe Samaki, hatupi kitu. Mwamvuli ukivunjika mbavu, huchukua kitambaa chake akashona mkoba. Mkanda wa kiti cha gari bovu huwa mshikio wa mkoba huo. Kanga iliyochakaa huisokota ikawa bangili. Huviuza vitu vyake kwenye kibaraza cha duka la Tahiya, Mji Mkongwe, na wanunuzi si wageni tu. Wasichana wa mjini nao huvivaa kazini.

Lakini kilichompa jina ni kofia. Zile nyeupe za kushonwa kwa mkono, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo mwanamke humshonea mumewe miezi na miezi. Mwenye kofia akifa, mjane hajui aifanye nini: kuivaa hawezi, kuitupa roho haitaki. Basi wakawa wanampelekea Mize, naye huzigeuza vipochi na mikufu. Hakuna aliyempa sharti. Waliamini tu. Na bila ya kofia hizo, cherehani yake ingebakia ya kupunguza suruali za watu.

Bi Ummukulthum, mjane wa marehemu Muhiddin, alimpa moja. Duara la juu lilikuwa limeliwa na jasho, ila ukingo wa pembeni mzima. Mize akaupima kwa macho, akaona ukikatwa mara mbili unatosha kabisa mikanda ya makubadhi. Akakata, akashona, na jirani yake Faiza akayanunua hata sindano haijapoa.

Pakawa na maulidi nyumbani kwa Mayasa. Viatu vyote mlangoni, chungu nzima, kama ilivyo ada. Udi umeshapita, marashi yameshanyunyizwa, watu wakaanza kutoka. Mize yumo ndani anamalizia halua, akasikia sauti ya Bi Ummukulthum nje.

"Viatu vya nani hivi?"

"Vyangu, bibi," Faiza akajibu kwa furaha. "Vizuri, eeh? Kazi ya Mize hiyo."

"Mize!"

"Naam!"

"Njoo hapa."

Mize akatoka, vidole vinanata halua. Bi Ummukulthum alikuwa ameyakumbatia makubadhi kifuani.

"Uzi huu nimeuvuta mimi, niko mchumba, taa ya chemni inaniunguza nyusi. Umeikata kofia ya mume wangu ukaitia miguuni?"

"Haikanyagwi, bibi. Iko juu ya vidole."

"Vidole vya nini?"

Mize akaifuta halua kwenye kanga yake.

"Sema. Vya mkono?"

"Vya mguu."

"Haya! Mimi Muhiddin sikumruka hata akilala njiani. Leo anapelekwa chooni na Faiza!"

"Wallahi chooni sijavivaa!" Faiza akalia. Wanawake wakacheka ndani ya buibui zao, kisha wakaacha.

Tumbatu mtoto hufunzwa mapema kwamba kofia haiwekwi chini, hata ikiwa chafu. Mize alilijua hilo. Ila kwa kukata kofia nyingi, kichwa cha mtu kilikuwa kimemtoka machoni. Alichobaki kukiona ni urefu na upana. Akampa Faiza malapa yake, akachukua makubadhi, akarudi kwake peku. Akayafumua siku ile ile.

Kofia zikakatika, haikuletwa hata moja. Mayasa aliyemwahidi mbili akasema zimeliwa na nondo. Mwengine akasema, "Nshampa mtu." Mize hakubishana nao. Alirudi kwenye suruali za watu, akapunguza hii, akaongeza ile, na kila akishika mkasi moyo ukimrudia kwa yule mjane. Mwisho akaifua ile mikanda, akaipiga pasi, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mlango ukafunguliwa nusu.

"Nimekuja kukuuliza nilichotakiwa nikuulize mwanzo. Ulitaka iwe nini?"

"Nani kakwambia nilitaka iwe kitu?"

"Basi chukua chako, bibi. Nisamehe."

Akageuka aondoke.

"Wee, ingia ndani. Usinisimamie mlangoni kama mdai."

Wakakaa mkekani, mikanda katikati. Bi Ummukulthum akaujaribu mmoja shingoni, akajitazama kiooni. "Kama mbuzi wa nadhiri," akasema, akautoa. Akauzungusha kwenye kifundo cha mkono. Hapo hakuutoa, na Mize akafungua mfuko wake wa sindano.

Bangili ya kwanza ilibana. "Fumua." Ya pili ilipwaya. "Fumua, mwanangu, kwani unakimbilia wapi?" Mize akafumua. Ya tatu ikakaa. Bibi akaitazama mbele na nyuma, akaenda jikoni kutia chai, na alipomimina aliuinua mkono ule juu kidogo, isirukiwe na mvuke.

Akawa anaivaa. Khitmani kaivaa, sokoni kaivaa. Anayemuuliza humwambia ni kofia ya Muhiddin, na aliyeigeuza bangili ni Mize, na Mize siku hizi anauliza kwanza.

Mayasa akaja Kiembe Samaki na kofia mbili ndani ya mtandio. Mize hakugusa mkasi.

"Unataka ziwe nini?"

"Chochote, ilimradi juu ya kiuno."

"Mkanda wa kufungia gauni, je?"

Mayasa akajishika kiuno, akafikiri. "Huo uko juu au chini?"

"Uko papo hapo."

"Basi ngoja, usikate." Akazifunga tena kofia zake ndani ya mtandio. "Nnakwenda kumuuliza Bi Ummukulthum."