Mama alivaa suruali ili atembee, sasa ameitwa mbele ya kanisa

Admin, nisitiri. Usiweke jina langu wala la kanisa, maana akina mama wa kwetu wanaisoma hii peji kuliko wanavyosoma Biblia, na mimi nimeshawapa maneno ya kutosha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41. Naishi Kawangware na mama yangu wa miaka 74, na kazi yangu ni kupokea wageni katika ofisi moja kule Westlands. Mume sina, watoto wako shule ya bweni. Mwaka juzi Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa ulishika, lakini miguu ikagoma. Mwanamke aliyeongoza akina mama wa kanisa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akienda kuombea wagonjwa kwa miguu mpaka Uthiru, akawa mtu wa kiti cha dirishani.

Kanisa letu ni lile la vitambaa vyeupe kichwani. Mwanamke havai suruali, awe shambani au hospitalini. Na Mama ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasichana hayo. Mimi mwenyewe alinichomea jinzi nikiwa kidato cha nne, na hakuomba msamaha mpaka leo.

Mwaka huu kliniki moja ya Upper Hill ikaanza kuwapa wazee mashine ya kuvaa. Ni mkanda wa kiunoni wenye mota ndogo, na vyuma vinavyoteremka mapajani mpaka chini ya magoti. Ukitaka kuinua mguu, mashine inahisi na kukusaidia. Siku ya kwanza walimfungia juu ya sketi. Hatua ya pili tu kitambaa kikaingia kwenye bawaba ya goti, nusura aanguke kifudifudi.

"Cucu, na sketi haiwezekani," mama wa mazoezi pale kliniki akamwambia, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Hii kitu itakuangusha. Lazima uvae trouser ya kushika mwili."

"Basi turudi nyumbani," Mama akasema.

Hapo nilipandwa na hasira, sitaficha. Nikamwambia, "Mum, huku Upper Hill nani anakujua? Ama unataka kuzeekea kwa dirisha?" Akanyoosha mkono. "Leta." Tracksuit yangu ya bluu ilikuwa kwenye mkoba tayari, maana namjua mama yangu. Akaivaa nyuma ya pazia, ameketi kitandani, akakataa nimsaidie.

Alitembea, jamani. Alitoka mlangoni mpaka dirishani, akageuka, akarudi, huku akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke. Baada ya wiki kadhaa wakatuazima mashine tuende nayo nyumbani. Akaanza kwenda chooni bila kushikwa.

Sasa kosa langu. Nilimrekodi akitembea sebuleni, nikaweka kwa status. Si kwamba sikufikiria. Niliwaficha watu wote wa kanisa, jina moja baada ya jingine. Nilimsahau mmoja tu, kwa sababu simu yangu inamjua kama Mama Mboga. Kila jioni ananikatia sukuma wiki, na Jumapili ndiye katibu wa akina mama. Basi akamwona Mama na kitambaa chake cheupe kichwani na suruali yangu ya bluu miguuni.

Jumatano wakaja akina mama wanne wa kanisa. Nilipika chai na hakuna aliyeigusa, nikajua maji yamezidi unga. Katibu akaweka simu mezani, video ikacheza.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni huyu msichana alikulazimisha, si ndio? Sema tu hivyo, tuombe, iishe."

Nikadakia, "Ndio, ni mimi nilimlazimisha."

"Wewe nyamaza," Mama akaniambia. Kisha akawageukia wao. "Nilikuwa na akili zangu. Nilivaa na mikono yangu."

Jumapili hii ataitwa mbele. Asiposema alilazimishwa, atavuliwa uongozi, ambao mpaka leo bado ni wake, na kukalishwa nyuma, bila meza ya Bwana, mpaka atubu. Pasta alinipigia simu kando, akasema nikisimama mimi nikabeba lawama, Mama atabaki na nafasi yake, na mambo ya kliniki yeye hatauliza. Nikakubali hapo hapo. Lakini nilipomweleza Mama, akasema, "Ukisimama useme hivyo, na mimi nitasimama niseme unadanganya."

"Utasimama na nini, Mum?" nikamuuliza. Ulimi hauna mfupa.

Tangu Jumatano hajavaa mashine. Jana aliniomba ndoo, kwa sababu choo kimekuwa mbali tena, na mimi nikaenda kulilia jikoni. Kliniki nao wamesema akikosa kufika Jumanne, mashine inapewa mzee mwingine anayeingoja.

Nilidhani ameiacha kabisa. Lakini leo asubuhi nimemkuta kitini na tracksuit yangu magotini, ameikunja vizuri. "Ipige pasi," akaniambia. "Jumapili sitabebwa mbele na kiti. Nitaenda na miguu yangu, wanione vizuri, si kwa simu."

Ndugu zangu, ile mikanda hawezi kuifunga peke yake. Lazima iwe mikono yangu. Nikimfungia, atatembea mpaka madhabahuni na suruali mbele ya watu aliozeeka nao, ambao siku moja ndio watakaomzika, na naogopa watamgeuzia mgongo. Nikimtangulia kwa uongo, labda nafasi yake itabaki, lakini namjua, hatakubali kutembea kwa siri. Atarudi dirishani, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimemweka pale.

Pasi nimeshapiga. Mashine iko kwa chaji. Nishaurini kabla ya Jumapili asubuhi: nimfungie mikanda, au nisimame niseme uongo?