Chungu cha Tatu Hakina Chaki

Kwa miaka ishirini na mbili mwanamke yule alikuwa akipika vitu visivyoonekana, kwa mshahara uliokaribia kufanana navyo. Kazini, kwenye maabara ya chuo kikuu, walimwita Mizani, kwa sababu mkono wake haukuwahi kukosea kipimo. Alitengeneza vipande bapa vya oksidi ya titani, ndugu wa ile poda nyeupe iliyomo kwenye rangi za ukutani, ila vyake vilikuwa vyembamba hivi kwamba ungepanga elfu kumi ndipo upate unene wa unywele. Ukivitia kwenye maji machafu mahali penye mwanga, mwanga unaviamsha, navyo vinautafuna uchafu mpaka maji yanatakata.

Vilipikwa ndani ya vyungu vya chuma vyenye vifuniko vya kukazwa kwa spana. Zamani wanafunzi waliviita mabomu, mpaka mkuu wa idara akapiga marufuku jina hilo. Tangu hapo vinaitwa vyungu, na tabia zao ni zilezile. Sheria ilikuwa moja: dawa isizidi nusu ya chungu. Ikizidi, ikipata moto inavimba, inakosa pa kwenda, na kifuniko ndicho kinachoondoka. Kwa hiyo Mizani kila alipomaliza kupima alichora mstari wa chaki juu ya kifuniko.

Siku hiyo saa nne asubuhi, tanuri likiwa nyuzi mia na themanini, alifungua daftari aandike. Chungu cha kwanza: nusu. Cha pili: nusu. Cha tatu, kalamu ikasimama. Alikumbuka kufungua chupa ya dawa. Alikumbuka kukaza spana. Katikati palikuwa peupe. Akachungulia kwenye kioo cha tanuri. Vifuniko viwili vilikuwa na chaki.

"Mama Mizani," mwanafunzi wa uzamili akamtania, "mbona unalitazama tanuri kama mkwe aliyekuja bila taarifa?"

"Toka nje."

"Jamani, nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Toka. Umeme wa hiki chumba unanichezea."

Akazima tanuri, akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, mgongo ukutani, kana kwamba ukuta ule ulikuwa na mpango wowote wa kumsaidia.

Tanuri lilihitaji saa tano kupoa. Kila saa iliyopita, hofu ya chungu ilishuka nyuzi kadhaa, na ile nyingine, ya kusahau, ikapanda. Mama yake alianza na jiko: sufuria tupu juu ya moto, mara moja, wakacheka. Mwaka uliofuata alimuuliza Mizani, kwa adabu zote, yeye ni mtoto wa nani. Wakati huo mama alikuwa na miaka hamsini na minane. Sasa Mizani alikuwa na hamsini na saba.

Saa tisa akalegeza kifuniko cha tatu, uso kando. Dawa ilikuwa nusu. Si tone zaidi, si tone pungufu.

Angefurahi, ila mkono uliopima ulikuwa wake, na hakuwa na habari nao.

Kesho yake mwanafunzi aliviosha vile vipande, akavitia kwenye maji ya majaribio yaliyotiwa rangi ya buluu, chini ya taa. Kwa kawaida maji hutakata kwa dakika arobaini. Safari hii zilitosha nane. Profesa akaja mbio, koti la maabara limefungwa kifungo kimoja, tena kwenye tundu lisilo lake.

"Mizani! Umefanyaje?"

"Nilizima mapema."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Basi uogope kila wiki! Andika hatua zote, usiache kitu."

Akaandika. Mwisho wa ukurasa palikuwa na nafasi ya *Aliyepima*, ambayo kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akiijaza bila kuitazama. Aliitazama. Akaandika: *Mimi, nadhani.*

Profesa akasoma, akacheka mpaka miwani ikamteremka. "Una vituko wewe! Futa hiyo nadhani."

Hakufuta. Alitoka hadi ukumbini, akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, kesho nipeleke hospitali. Hapana, sijaungua. Andika mahali, nisije nikasahau kwamba nimekuambia."