Springi Zilizokatwa

Kinyozi alinunua gari la spoti la mtumba, akalibadili plagi, akalikata na springi ili lilale chini kama simba anayenyemelea. Fundi alimuuliza, "Na lile tuta la getini kwenu utalipitaje, bwana mkubwa?" Akacheka tu.

Leo pumu ilimbana mama yake. Akampakia, akakanyaga mafuta. Kwenye tuta, kwaa! Chombo cha oili kikapasuka chini. Injini ikasaga meno kidogo, ikafa. Barabara nyeupe, hata baiskeli hakuna.

Akachuchumaa kwenye mlango wa gari, machozi yakimtoka. "Panda mgongoni, mama."

Mama akamshika shingo, kifua kikipiga filimbi. "Mgongo huu nao," akanong'ona, "hujaukata springi?"

Alikimbia akiisikiliza ile filimbi sikioni, akiomba isinyamaze.