Malalamiko Niliyoombwa Niyafute

Kabla ya kuwa mtu wa kupokea malalamiko nilikuwa nesi, na wodi niliiacha kwa sababu ya mgongo. Miaka ya tisini ilipoanza, makanisa kadhaa ya Thika na Ruiru yalikuwa yameungana kuendesha zahanati chache na nyumba moja ya wazee, na kamati yao ikaona inahitaji mtu wa kuwasikiliza wagonjwa na jamaa zao wanapotendewa vibaya. Walinipa chumba nyuma ya ukumbi wa kanisa mjini Thika, meza, viti viwili na kitabu kikubwa cha kuandikia. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza, kwenda kujionea mwenyewe, kisha kuandika ripoti. Sikuwa na mamlaka ya kumhamisha hata mfagiaji. Hilo halikunisumbua wakati ule. Niliamini kwamba jambo likiandikwa vizuri, atakayelisoma atafanya linalofaa.

Mwaka wa kwanza yalikuja mambo madogo. Nesi aliyemfokea mama mjamzito. Kadi za kliniki zilizopotea. Kulikuwa na mzee aliyepotelewa na meno yake ya bandia akiwa amelazwa, nikaenda nikayapata kinywani mwa mzee wa kitanda cha pili, ambaye alikataa katakata kuyatoa kwa sababu yalimkaa vizuri kuliko yake. Niliporudi nyumbani siku hiyo niliwasimulia watoto wangu, tukacheka. Nilidhani nimepata kazi ninayoiweza.

Yule mwanamke alikuja Jumatatu moja asubuhi, akiwa bado na gambuti za kiwandani na koti lililonuka nanasi. Alikuwa anatoka zamu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu ambaye huenda akafukuzwa.

"Sista, mimi sijakuja kugombana na mtu," alisema. "Nataka tu mtu aniambie kama hiyo ndiyo matibabu."

Mama yake alikuwa amechuma kahawa katika mashamba ya upande wa Ruiru tangu usichana wake, mpaka kiharusi kilipomwangusha kati ya mistari ya mibuni. Upande wa kushoto ukafa. Binti alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Kiganjo, mjini Thika, na hakuwa na ndugu aliye hai, kwa hiyo kasisi wake akamsaidia kumpatia mama nafasi katika nyumba ya wazee. Alikuwa akimtembelea kila Jumapili. Jumapili ya jana yake alikuwa amemkuta amefungwa kwenye kitanda.

"Mkono mmoja umekufa, sista. Wamefunga ule ulibaki."

Aliniomba nisiseme ni yeye aliyeshtaki. Nikamwambia hakuna atakayejua. Nilisema hivyo haraka, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu.

Jumatano nilikwenda Ruiru. Nyumba yenyewe ilikuwa jengo refu la mawe lililoezekwa mabati, na barazani wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti waote jua. Metroni aliyeisimamia nilimjua. Tulikuwa tumesomea uuguzi pamoja, vitanda vyetu vikiwa jirani bwenini, na alikuwa mwanafunzi mzuri kunishinda. Nilipomwambia nilichofuata hakukana. Alinipeleka mwenyewe hadi kitandani.

Ilikuwa kweli. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa kipande cha shuka, na kifundo kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu kuonekana.

"Ameanguka mara tatu tangu Krismasi," metroni alisema. "Anajivuta na huo mkono mpaka anatoka kitandani. Mara ya mwisho alipasuka kichwa. Mchana nina wahudumu wawili, na mmoja wao ndiye mpishi. Wewe umesoma na mimi. Niambie nifanye nini."

"Kumfunga si jibu," nilisema.

"Najua si jibu. Nimekuuliza jibu."

Niliinama kukiangalia kile kifundo. Alinitazama kidogo, kisha akatuacha peke yetu, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Niliufungua ule mkono, nikamgeuza yule mama ubavu ili nimkague, kwa mazoea ya unesi. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Mtu aliyelala miezi mingi hivyo, na hakuwa na kidonda hata kimoja cha kulalia. Hiyo maana yake ni kwamba kulikuwa na mtu anayemgeuza kila baada ya saa chache, anamkausha na kumpaka mafuta. Nililiona hilo na nikalielewa.

Alizungumza nami kwa Kikuyu, polepole, kwa sababu mdomo ulikuwa umepinda upande.

"Nani amekuleta?"

"Hakuna, shosho," nilisema, yaani bibi. "Napita tu kuangalia."

"Ni msichana wangu," alisema. Nilijitia kunyoosha shuka, naye akaelewa. "Mwambie aache. Na wewe ukifika ofisini kwako, hayo maneno uyafute."

"Lakini wanakuumiza."

"Kitambaa kinaumiza mkono tu. Wewe saa kumi utaenda zako Thika. Mimi nitabaki na wao."

Nilimshika ule mkono na kumwambia asiogope. Kisha nilirudi Thika, na ilikuwa saa kumi, kama alivyosema.

Sikuyafuta. Nilijiambia kwamba mtu anayeogopa hawezi kujiamulia vizuri, na kwamba mimi nipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa. Niliandika ripoti kwa siku mbili. Niliandika jinsi jeraha lilivyokuwa, upana wake, rangi yake. Kuhusu mgongo niliandika sentensi moja mwishoni. Nilipendekeza pia waajiri mhudumu mwingine. Jina la mama sikulitaja, wala la binti. Niliandika tu "mkaaji mmoja wa kike."

Kamati ilikutana Jumamosi. Mwenyekiti, mchungaji mpole aliyekuwa na sauti ya kutuliza watu, aliisoma ripoti yote kwa sauti, na mama mmoja mwanakamati akafuta machozi kwa kitambaa chake. Walikata shauri palepale kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mzee atakayefungwa. Habari ya mhudumu wa ziada walisema itaangaliwa. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayekaa kando ya kile kitanda, na hata mimi sikuuliza. Tulikunywa chai. Nilikwenda nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Baada ya wiki tatu binti alirudi ofisini. Safari hii hakukaa. Aliweka barua mezani. Ilikuwa barua ya adabu, iliyopigwa chapa vizuri: kufuatana na agizo jipya, nyumba haingeweza tena kumhakikishia usalama mkaaji anayeanguka mara kwa mara, na familia ilikuwa inaombwa kumchukua kabla ya mwisho wa mwezi.

"Nilikuambia usiseme ni mimi."

"Sikutaja jina lolote," nilisema.

"Ni mama yangu peke yake alikuwa amefungwa, sista. Ungetaja nini ingine?"

Nilikwenda Ruiru siku hiyohiyo. Metroni alinisikiliza hadi mwisho akiendelea kukunja mashuka.

"Kamati ilisema nisifunge. Sifungi," alisema. "Lakini sitangoja nimwokote sakafuni amekufa, halafu uje kuandika tena."

Nilikwenda hospitali mjini. Daktari wa wodi, kijana aliyeonekana hajalala, aliniambia mama yule si mgonjwa, ni mlemavu tu, na vitanda vyake vilikuwa na watu wawiliwawili. Nilikwenda kwa nyumba nyingine ya wazee, upande wa Juja. Mtawa wa pale alinieleza kwa upole kwamba nafasi hupatikana mtu akifa, na kwamba kuna wengi waliotangulia kungoja. Nilirudi kwa mwenyekiti. Aliniahidi kuliombea jambo hilo, na sina shaka aliliombea.

Mwisho wa mwezi ukafika. Binti alimchukua mama yake.

Nilikaa karibu mwezi mzima bila kwenda Kiganjo. Nilikuwa na sababu zangu kila wiki, na zote zilikuwa za uongo. Nilipokwenda ilikuwa adhuhuri. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa nje. Mama wa chumba cha jirani, aliyetoka magharibi mwa nchi na ambaye alikuwa akichagua omena, vile visamaki vya ziwani, kwenye ungo, aliniuliza mimi ni nani. Nilimwambia ni nesi. Akafuta mikono na kuchukua ufunguo.

"Binti yuko kazi," alisema. "Ananiachia mimi, nampa maji na uji. Lakini na mimi nakuwanga sokoni asubuhi."

Ndani hapakuwa na dirisha la kufunguka. Mama alikuwa amelala kitandani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Chini ya leso binti alikuwa amezungushia soksi ya sufu ili isimchubue. Fundo lilikuwa limefungwa kwa uangalifu sana.

Niliifungua. Nilipomgeuza nikayaona makalio na nyonga. Ngozi ilikuwa imekwisha kuondoka, na kidonda kimoja kilikuwa kimeingia ndani kiasi cha kufika karibu na mfupa. Jirani alichemsha maji, nikatia chumvi, nikasafisha kwa kitambaa nilichopata. Mama hakulia. Aliukodolea macho ukuta.

"Umekuja kuandika?" aliniuliza baadaye.

"Hapana, shosho."

"Huyu hana makosa."

"Najua."

Nilimfunika blanketi. Kisha akasema, "Kule walikuwa wananitoa nje. Nilikuwa naona jua."

Binti alirudi saa kumi na moja. Alisimama mlangoni, akanitazama, kisha akautazama mkono wa mama yake uliokuwa juu ya blanketi.

"Umemfungua."

"Ndiyo."

"Wiki iliyopita sikumfunga. Nilimkuta chini ya meza, uso kwa simiti. Sijui alikaa hapo saa ngapi." Alivua gambuti moja, akabaki ameishika. "Andika, sista. Si kazi yako ni kuandika?"

Kwa sheria za kazi yangu nilipaswa kuandika. Mzee alikuwa amefungiwa chumbani peke yake, amefungwa mkono, ana vidonda vilivyooza. Sikuandika. Kuanzia siku hiyo nilikwenda Kiganjo mara mbili kwa wiki na bandeji na dawa nilizoziomba kwenye zahanati, nikasafisha vile vidonda. Havikupona. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba havitapona. Binti alikuwa akinishukuru kila mara, na shukrani zake zilikuwa nzito kuliko matusi.

Mama alikufa wakati wa mvua za masika, asubuhi, binti akiwa zamuni. Jirani ndiye aliyemkuta. Alizikwa katika makaburi ya umma, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amechuma kahawa ya wengine na hakuwa na shamba. Tulikuwa watu wachache, tope likitushika viatu. Metroni alikuja kutoka Ruiru na kusimama kando. Watu walipoanza kuondoka alinikaribia.

"Mgongo wake ulikuwaje?" aliuliza.

Nilimweleza, kama nesi anavyomweleza nesi mwenzake, bila kuficha. Aliitikia kwa kichwa, akafungua mwavuli wake na kwenda.

Niliendelea na ile kazi miaka miwili zaidi. Watu walipokuja na mashtaka kuhusu jamaa zao waliolazwa mahali fulani, nilianza kuwauliza kwanza: huyu mgonjwa wakimtoa, mtampeleka wapi? Nilidhani ni haki yao kuulizwa. Wengi walifikiri kidogo, wakashukuru, wakaondoka bila kushtaki. Wengine waliondoka wamekasirika. Kurasa za kitabu zikaanza kubaki tupu.

Katika mkutano wa mwisho wa mwaka, mwenyekiti aliwatangazia wanakamati kwamba malalamiko yamepungua sana, na hiyo ilikuwa dalili kwamba huduma zimekuwa nzuri. Walinipigia makofi. Nilisimama, kwa sababu walitaka nisimame. Mhudumu wa ziada wa Ruiru alikuwa bado anaangaliwa.

Mwaka uliofuata niliacha. Nilipata kazi ya kuchanja watoto katika zahanati moja ndogo huko Juja, siku tatu kwa wiki.