Tulivyomlilia Rubani wa Bibi Nora

Nyumba ya Bibi Nora ilinuka nta ya samani na kahawa iliyoungua, na mimi, binti wa miaka kumi niliyeshuku nusu ya dunia, niliamini harufu ile imewekwa makusudi kuficha nyingine. Ilikuwa huko Champlin, nje kidogo ya Minneapolis, Marekani, karibu na mto, theluji ilipoanza kuyeyuka. Mama aliajiriwa kumwogesha na kumpikia bibi huyo mkongwe, na kila Jumamosi alinichukua nimtafsirie, maana Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuombea maji. Ukutani palikuwa na picha ya kijana mwenye sare na kofia ya rubani, anacheka. Sikumpenda hata kidogo. Kongo tulikotoka, mwanamume mwenye sare akikuchekea, unakimbia.

Kijana huyo wa pichani alikuwa Len, kaka yake Bibi Nora. Walikulia kwenye shamba la kondoo huko Australia, kabla bibi hajaolewa na askari wa Kimarekani na kuletwa kwenye baridi hii. Len alijifunza kurusha ndege akiwa na miaka ishirini. Mara moja alipita juu ya paa la kwao, chini mno, mpaka kuku wakaacha kutaga wiki nzima. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka Papua, ndege yake ikaingia winguni juu ya milima, isionekane tena. Mimi nilimshuku. Mtu asiye na kaburi, nilijiambia, amehama tu. Labda ana mke mahali. Nilikuwa na sababu yangu. Baba alipotea vitani nikiwa na miaka sita, na kwenye fomu za kuja Marekani mama aliandika kwamba ni mjane. Niliamini amemuua baba kwa kalamu ili tupokelewe, na kwamba siku moja baba atabisha hodi atuaibishe. Nilimnunia mama kwa hilo bila kumwambia.

Jumamosi moja tulimkuta bibi akilia, barua mkononi. Wawindaji walikuwa wameona mabaki ya ndege msituni kule Papua, na ndani yake mifupa ya Len. Niliisoma barua mara mbili nikitafuta uongo. Mama hakuuliza alikufa lini. Kwetu mtu huliliwa siku habari zake zinapofika, basi. Akapiga simu, na kabla ya saa sita mchana wamama wanane wa kanisa letu walikuwa wameingia na sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu, wakasukuma viti, wakaketi kwenye zulia na kumwimbia kijana wa Kizungu aliyekufa kabla wao hawajazaliwa. Niliona aibu, nikafunga mapazia. Bibi Nora akaomba ashushwe naye akae chini.

“Waambie hakuna aliyewahi kumlilia,” aliniambia. “Mama yetu alikataza. Alimngoja mpaka akafa.”

Nikatafsiri. Mama akainama, akalia kwa sauti nisiyowahi kuisikia, na jina alilolitaja lilikuwa la baba.

Nilimfuata jikoni kwa hasira. “Unalia nini? Hujui kama amekufa! Uliandika tu!”

“Baba yako nilimuzika mimi mwenyewe,” alisema mama, “nyuma ya nyumba, na hii mikono. Weye ulikuwa kwa shangazi. Ukarudi, ukakaa mulangoni unamungoja. Nilishindwa kukuambia.”

Niliitazama mikono yake nikitafuta uongo. Sikuuona.

Leo nafanya kazi hospitalini Minneapolis, na bado ni mtu wa kushuku. Hata dawa niliyoipima mwenyewe naipima tena. Wanangu wakiniuliza, kwa Kiingereza chao, babu yao yuko wapi, nawajibu palepale: amezikwa nyuma ya nyumba, na bibi yenu ndiye aliyechimba. Wanaitikia na kurudi kwenye michezo yao. Kwao ni habari tu. Mimi nilimngoja miaka minne nzima. Ni mama aliyenuniwa, akanyamaza, ili mimi niendelee kuwa na baba.