Damu ya Mbasa

Ephrasia alizaliwa Lipingo, nyumba ya tatu kutoka ziwani, na alijua kupasua samaki kabla hajajua kusoma. Sasa yuko Mbinga mjini, kwenye maabara ndogo ya utafiti nyuma ya ghala la kahawa. Anachunguza damu ya mbasa, samaki wa ziwa la kwao, aone kama maji yanawadhuru. Anaitia rangi inayoshika vinasaba tu. Ikipigwa na mwanga wake maalumu, kiini cha kila seli huwaka buluu, na seli iliyodhurika huonekana na kipande kidogo kilichojitenga pembeni.

Wiki sita hakikuwaka kitu. Alichungulia hadubini akaona giza, asubuhi hadi jioni, mpaka giza hilo likaanza kumfuata usingizini. Siku moja jua lilipogonga dirishani, akaiona chupa ya rangi ikimeta pale alipozoea kuiweka. Rangi ile haivumilii mwanga. Akaenda kwa mkuu wake, Mzee Othmar.

"Ni mimi, mzee. Nimeiunguza kwa jua."

Othmar alisema, "Tutaagiza nyingine. Hiyo mpya utaitunza kabatini."

Rangi mpya ilifika wiki ambayo mama yake, Tadea, alikuja Mbinga kupima macho. Ephrasia alifunika dirisha kwa blanketi, akamkalisha kwenye hadubini. Mama akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Zimejaa," alisema taratibu. "Kama karabai za wavuvi wa usipa usiku ziwani, ukiwa mlimani. Hii ni damu kweli?"

"Ya mbasa wa juzi, mama."

"Na yangu?"

Ephrasia akamchoma kidole, akaandaa tone. Safari hii mama aliona weusi mtupu, na nukta moja ya buluu huku, nyingine kule mbali.

"Mbona mimi nimezimika?"

"Seli nyekundu za binadamu hazina kiini, mama. Za samaki zinacho. Hizo chache zinazowaka ni seli nyeupe, askari wako wa mwilini."

Mama akainama tena. Aliitazama nukta moja mpaka ikafifia, maana mwanga ule ule unaoiwasha huimaliza. Kisha akaegemea kiti, na katika giza lile la saa nane mchana usingizi ukamchukua.

Ephrasia akairudisha damu ya mbasa kwenye hadubini, akaanza kuhesabu. Nje watu waliamkiana, sauti zikaja na kupotea. Alihesabu seli elfu moja akisikia pumzi za mama yake, na viini vyote vilikuwa vizima.